Nundu ya mwembe na ya mkwaju: nianzie wapi kukereza bakuli?

MgeniWaKerezo
Habari za saa hizi mafundi. Nina nundu mbili (yale mavimbe yanayoota kwenye shina la mti), zote za miti iliyoangushwa kupisha ujenzi, barabara ya Pangani. Ya mwembe ina upana wa sentimita 38 na unene wa 17 hivi. Ya mkwaju ni ndogo, 22 kwa 12. Zina wiki tatu tangu zikatwe, ziko kivulini, lakini ya mwembe imeshaanza nyufa nyembamba upande ule ulioshikana na shina. Upande wa ganda bado mzima.

Nina mota ya hospawa 1, fezi moja, mizunguko 1440 kwa dakika, na fundi wa kuchomelea hapa Makorora, Tanga, yuko tayari kuniundia kerezo, yaani mashine ya kuzungusha mbao ikichongwa kwa patasi. Patasi nilizonazo ni za useremala wa kawaida. Naomba kujua mashine iweje, nundu ishikwe vipi, na kama nizikereze sasa hivi zikiwa mbichi au nisubiri zikauke kwanza.

MsajiMkavu
Mkuu, mashine isubiri. Cha haraka ni maji yaliyomo kwenye nundu. Gogo la kawaida hupoteza maji upesi kwenye ncha zake, pale nyuzi zilipokatwa. Nundu haina ncha za namna hiyo, nyuzi zimejisokota huku na huku, kwa hiyo kila uso uliopitiwa na msumeno ni ncha. Ndiyo sababu umepasuka upande wa shina peke yake.

Leo hii kata uso huo mpaka nyufa ziishe, mara nyingi sentimita 1 au 2 zinatosha, kisha paka nta papo hapo. Mishumaa ya dukani inafaa. Ikatekate kwenye kopo, kopo liweke ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Usiweke kopo juu ya moto wenyewe, nta ikipata moto mkali inalipuka kama mafuta ya kukaangia. Tabaka mbili kwa brashi. Kama huna mishumaa, rangi ya maji iliyobaki ya ukutani, tabaka tatu, ni afadhali kuliko kuacha wazi. Upande wa ganda usiupake kitu.

Na usiifunge kwenye nailoni ukaisahau. Kwa joto letu hili na unyevu wa bahari, mwembe ndani ya mfuko unaota ukungu mweusi kwa siku chache tu, na weusi ule unazama ndani ya mbao, msasa hauutoi.

Kuhusu swali la mwisho: zikereze mbichi. Ukisubiri nundu nzima ya unene wa 17 ikauke, utasubiri miaka, na siku ya kuifungua utakuta imepasuka katikati.

FundiBeringi
Nijibu la mashine. Mota yako inatosha, ila mizunguko 1440 moja kwa moja kwenye nundu ya 38 ni kutafuta kilio. Piga hesabu: ukingo wa kitu cha sentimita 38 kwa mizunguko 1440 unakwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Nundu mbichi ya ukubwa huo ina kilo 10 hadi 15, na upande mmoja ni mzito kuliko mwingine.

Kanuni wanayotumia wakerezaji: upana wa kazi kwa inchi, zidisha kwa mizunguko, jibu liwe kati ya 6000 na 9000. Inchi 15, yaani sentimita 38 zako, ni mizunguko 400 hadi 600. Hiyo ni kwa kitu ambacho kimeshakuwa duara. Kwa nundu ambayo bado ina mapembe, anzia chini ya 400 kama unaweza.

Puli zinafanya kazi hiyo. Puli ya inchi 2½ kwenye mota na ya inchi 8 kwenye shafti inakupa 450. Inchi 3 kwa 6 inakupa 720. Inchi 4 kwa 5 inakupa 1150 na kidogo, hiyo ni ya bakuli dogo na kazi ya kumalizia. Kama unataka kuanza chini zaidi, inchi 2 kwa 8 ni 360. Mota ifungwe kwenye bamba lenye bawaba, uzito wake wenyewe ukaze mkanda. Hapo kuhamisha mkanda ni kuinua mota tu, na patasi ikinasa vibaya mkanda unateleza badala ya kitu kuvunjika.

Shafti isipungue milimita 30, beringi mbili zenye nyumba yake, na umbali kati yake usipungue sentimita 20. Beringi zikikaribiana sana, shafti inacheza na hutapata uso laini hata patasi iwe kali namna gani. Urefu kutoka katikati ya shafti hadi kitanda cha mashine ndio nusu ya upana utakaoweza kukereza. Kwa nundu yako weka sentimita 25, usibane.

Jambo ambalo mafundi wa kuchomelea hulikosea: mwelekeo. Ukisimama mbele ya kazi, sehemu ya juu lazima ije kwako na kushuka. Nyuzi za skrubu mwisho wa shafti ziwe za kulia, ili mzunguko uwe unakaza sahani, lile bamba la duara linalofungwa kwenye mbao kwa skrubu. Mota ikizunguka kinyume, sahani inajifungua yenyewe na nundu inatoka kutembea. Mota ya fezi moja unaigeuza kwa kubadilishana waya mbili za koili ya kuwashia, mpe fundi umeme afanye. Na kabla hujachonga nyuzi hizo, jua utanunua chaki gani, yaani kile kishikio chenye meno yanayobana kazi. Nyingi zinakuja na M33 kwa hatua ya 3.5 (unene milimita 33, milimita 3.5 kutoka uzi hadi uzi), au inchi 1 yenye nyuzi 8 kwa inchi. Ukichonga kwanza ndipo ununue, utajikuta unatengeneza shafti mara mbili.

Miguu ya angalaini inayotikisika haitafaa kitu. Weka rafu chini na magunia mawili ya mchanga wa kilo 50. Swichi iwe mahali ambapo mkono unaifikia bila kupita mbele ya nundu.

MgeniWaKerezo
Ahsanteni sana wakubwa. Nta nimeshapaka. Sasa patasi: naweza kusaga tupa kuukuu niifanye ya kukombea? Zipo nyingi gereji. Na upande gani wa nundu ndio unafungwa kwenye sahani?

Mzee_wa_Randa
Tupa hapana, kijana wangu. Chuma cha tupa kimefanywa kigumu mpaka kikawa kama kioo. Kwenye kerezo patasi inapigwa, haisukumwi tu, na tupa ikinasa inakatika vipande, na kipande kinajua njia ya kwenda usoni. Ukikosa patasi za kukerezea zenyewe, springi ya gari ni bora mara mia, inapinda kabla ya kukatika. Kasoro yake ni moja: ukiinoa kwenye grainda mpaka ikageuka rangi ya buluu, ugumu umeondoka hapo, itakuwa butu kila baada ya dakika mbili. Noa kidogo kidogo, chovya kwenye maji.

Unachohitaji kweli ni viwili. Bobari ya bakuli, ile patasi ya mviringo yenye mfereji, unene wa milimita 12 au 13, pembe ya makali digrii 45 hadi 55. Na kikwangulio kizito chenye ncha ya duara, unene wa chuma milimita 8 au zaidi. Mpini uwe mrefu, sentimita 40 na kitu. Patasi zako za useremala ziache kwenye sanduku. Shina lake ni jembamba na mpini umetengenezwa kwa ajili ya nyundo.

Kwenye upande wa kufunga kuna njia mbili, na inategemea unataka bakuli la namna gani. Bakuli la kawaida lenye mdomo sawa: upande wa shina, ule uliokata na kupaka nta, ndio unafungwa kwenye sahani. Utakuwa ndio mdomo. Matundu ya skrubu yataondoka utakapokomba ndani, na ganda la nje linakuwa tumbo na kitako. Anza na hilo. La pili ni lile la mdomo wa asili, ambapo miiba miiba ya nundu inabaki kwenye ukingo. Hapo unageuza: ganda linakuwa juu. Ni zuri kuliko yote, lakini ukingo haujakamilika, patasi inakata mbao, hewa, mbao, hewa, na asiyezoea anavunja. Subiri la tatu au la nne.

Sahani iwe na kipenyo cha sentimita 10 hadi 15 kwa nundu hiyo ya mwembe. Kwanza piga randa uso uwe bapa kabisa, sahani ikikaa juu ya kilima itacheza. Kwangua nta pale sahani inapokaa. Skrubu sita au nane za mbao, nene, milimita 6, ziingie ndani ya mbao milimita 30. Zile skrubu nyeusi za kufungia jipsamu usiziguse. Ni ngumu lakini hazina mnyumbuko, zinakatika shingo zote kwa mpigo mmoja. Na kabla ya kufunga, gonga nundu kwa nyundo ndogo kila mahali na sikiliza. Panapolia butu pana ganda lililomezwa ndani au uozo, skrubu ya hapo haishiki kitu.

Ukishafunga, leta senta ya mkia, ile ncha iliyo mwisho wa pili wa mashine, iisukume nundu kutoka upande wa pili, na iache hapo muda wote wa kukereza nje. Zungusha kwa mkono mzunguko mzima uone haigusi kiegemeo cha patasi. Simama pembeni, washa.

MsajiMkavu
Naongezea kwenye kukata kwenyewe, maana hapo ndipo nundu inapotofautiana na mbao nyingine.

Bakuli la mbao ya kawaida lina sheria: nje unakata kutoka kitakoni kuelekea mdomoni, ndani unakata kutoka mdomoni kuelekea katikati. Nyuzi zinalalia mgongo, hazichanuki. Kwenye nundu fuata mwelekeo huo huo, lakini usitegemee kwamba utakuokoa, nyuzi hazina msimamo. Kinachokuokoa ni makali. Noa kabla hujaanza, noa tena ukimaliza kuondoa mapembe, noa tena kabla ya mapito mawili ya mwisho.

Mgongo wa ncha ya bobari uguse mbao kwanza, makali bado hayajagusa. Kisha inua mpini pole pole mpaka maranda yaanze kutoka. Ukianza na makali, yananasa. Kiegemeo kiwe karibu, milimita 5 hadi 10 kutoka kwenye kazi, na kila ukipunguza mbao, zima mashine ukisogeze. Wengi wananasa kwa sababu ya uvivu wa kusogeza kiegemeo, patasi inaning'inia sentimita 4 nje ikiwa haina pa kuegemea.

Masikio ni kipimo kizuri. Bobari kali kwenye mwembe mbichi inatoa mlio wa kuchana karatasi na utepe mrefu wa maranda yenye maji. Ikianza kugonga tak-tak-tak, kuna ufa umefunguka au skrubu imelegea. Zima, usiendelee kusikiliza.

Umbo la nje likishakuwa duara, chonga kitako cha kushikwa na chaki: kipenyo kama theluthi moja ya bakuli, kimo milimita 7 au 8, ubavu wake uinamie ndani kidogo ili meno ya chaki yashike. Kitako kisifike chini ya chaki. Kinachokaa kwenye meno ni mabega yake, na kikigota chini mabega hayakai. Weka alama ya katikati kwa ncha ya msumari na usiifute, utaihitaji baadaye.

Geuza, shika kwenye chaki, toboa tundu la kina katikati (zungushia utepe kwenye kekee ya drili uonyeshe mwisho), kisha komba. Kwa kikwangulio ndani, makali yawe juu kidogo ya katikati na mpini umeinuka. Kikinasa, kinaangukia penye uwazi. Ukifanya kinyume kinajizamisha ndani ya mbao.

BintiMuheza
Ukuta aache unene gani? Hilo ndilo analouliza bila kujua.

Kanuni ni sehemu moja ya kumi ya upana. Bakuli la sentimita 35, ukuta sentimita 3.5, na uwe sawa kutoka mdomoni hadi chini. Ukuta mwembamba juu na mnene chini unakauka kwa mwendo tofauti, na penye tofauti ndipo panapopasuka. Andika tarehe na uzito kwa kalamu ya risasi kwenye kitako.

Kisha lipeleke kukauka. Mfuko wa karatasi ya kaki au gunia la katani, ndani yake maranda MAKAVU. Maranda yake yenyewe mabichi yanaleta ukungu, nimeona watu humu wakishauri hivyo na ni ushauri wa nchi za baridi. Badilisha maranda baada ya wiki moja. Liweke juu ya rafu, mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari, na kamwe siyo chini ya bati. Lipime kwa mizani ya jikoni kila Jumapili. Uzito ukisimama wiki tatu mfululizo, limekauka kadiri litakavyokauka hapa. Kwa ukuta wa 3.5, tarajia miezi minne hadi sita.

Kuna njia ya kuharakisha: kulichemsha. Pipa au sufuria kubwa, maji yalifunike bakuli lote, saa moja ya kuchemka kwa kila sentimita 2.5 za unene, liachwe lipoe humo humo. Inapunguza kupasuka na inaua bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao, na mayai yao. Mwembe una bungua sana, hasa ukikaa kwenye maganda yake.

FundiBeringi
Hapo kwenye "limekauka kadiri litakavyokauka hapa" weka mstari chini. Hewa ya Tanga mbao inatulia kwenye unyevu wa asilimia 14 au 15. Bakuli hilo hilo likienda Dodoma kiangazi, au chumba cha hoteli chenye kiyoyozi mchana na usiku, linaendelea kukauka na linajikunja tena. Likiwa limeshamaliziwa kwa ukuta wa milimita 6 linavumilia, linakuwa yai kidogo tu. Likiwa na ukuta mnene wa milimita 15, linapasuka mikononi mwa mteja. Kwa hiyo la kuuza bara, lifanye jembamba.

MgeniWaKerezo
Nimeelewa. Na likishakauka litakuwa limepinda, kitako hakitakuwa duara tena. Linarudije kwenye chaki?

Mzee_wa_Randa
Ndiyo kazi ya ile alama ya msumari. Funga kipande cha mbao bapa kwenye sahani, kibandike kipande cha kandambili au mpira wa tyubu. Mdomo wa bakuli uegemee hapo, senta ya mkia ikandamize kwenye alama. Mizunguko 450, sahihisha kitako kiwe duara tena. Ndipo ulirudishe kwenye chaki, sahihisha nje, halafu ndani. Ukuta wa kumalizia milimita 6 hadi 10. Kata ukuta hatua kwa hatua kutoka mdomoni: sentimita 3 za juu mpaka unene wa mwisho, halafu 3 zinazofuata. Usirudi juu. Ukishakomba chini, mdomo unapoteza nguvu na unaanza kutetemeka, patasi ikiurudia inaupasua.

Mashimo na maganda yaliyomezwa ndani: kabla ya pito la mwisho, jaza kwa unga wa mbao uleule na gundi ya papo hapo, ile nyembamba kama maji. Kwanza pakaza vanishi nyembamba pembeni mwa shimo, la sivyo gundi inaacha doa la maji ya chai ambalo halitoki. Shimo linalozidi upana wa kidole usilijaze. Liache, ni uzuri wa nundu. Wakati linazunguka vidole viwe mbali nalo.

Msasa namba 80, 120, 180, 240, 320, usiruke hata moja, na mizunguko punguza. Ukibonyeza mpaka joto linachoma kidole, mbao inatoa nyufa ndogo ndogo kama nywele.

BintiMuheza
Vumbi msilipite hivi hivi. Mwembe na mkorosho vina utomvu unaowasha ngozi, na vumbi lake linafanya hivyo hivyo kwa baadhi ya watu, macho na shingo vinavimba. Mvule ni mbaya zaidi kwa kifua. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu, tafuta ile ngumu ya viwandani ya FFP2 kwenda juu. Ngao ya uso mzima, siyo miwani peke yake. Mikono ya shati ifungwe, mtandio na kanga viwekwe kando, glavu usivae: kitambaa kikivutwa, mkono unafuata.

Na kwa anayetafuta nundu nyingine: mbuyu una manundu makubwa ya kutamanisha, lakini ndani ni sponji yenye maji, haikerezeki. Mnazi hauoti nundu. Mvule mzuri, ila wakati mwingine ndani ya mbao una jiwe jeupe gumu la chokaa. Bobari ikilikuta inapoteza makali hapo hapo. Mkwaju wako ule, moyo wake ni mgumu na mweusi wa zambarau, noa mara mbili ya unavyonoa kwa mwembe. Usibandue nundu kwenye mti ulio hai, kidonda kile kinaingiza uozo mpaka shinani. Hifadhi ya Amani na mikoko hata usiiulizie. Kwa mti wa porini, pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ya wilaya kabla ya kupakia kwenye gari, mazao ya misitu yanahitaji hati ya kusafirishia.

MsajiMkavu
Kumalizia uso: mafuta ya nazi yanapendwa huku kwetu lakini hayakauki kamwe, na hatimaye yanaweza kuvunda. Kwa bakuli la chakula tumia mafuta ya parafini ya duka la dawa, yale ya kunywa kwa choo kigumu. (Siyo mafuta ya taa. Kuna aliyeuliza.) Sehemu nne za mafuta kwa sehemu moja ya nta ya nyuki kwa uzito, yayushe kwa njia ile ile ya kopo na sufuria, paka ikiwa vuguvugu, futa baada ya dakika ishirini.

Kwa bakuli la mapambo, mafuta ya kitani yaliyoandikwa "boiled" yanakauka na kuwa magumu. Tabaka nyembamba tatu, siku moja moja katikati. Vitambaa ulivyofutia vitandaze uani vikauke au vitie kwenye ndoo ya maji. Ukivikunja ukavitupa kwenye maranda, vinapata joto vyenyewe na kuwaka usiku bila kiberiti.

MgeniWaKerezo
Fundi wa kuchomelea anasema shafti ya milimita 25 anayo tayari, ya 30 mpaka aagize. Hiyo 25 itabeba nundu ya mkwaju?

FundiBeringi
Ya mkwaju, ndiyo, ni sentimita 22 tu. Ya mwembe, hapana. Mwambie aagize.